Jina Bila Namba

Hapo zamani, si zamani ya babu zetu bali zamani ya juzi hii, wakati kila mtu tayari ana simu mfukoni, kulikuwa na bonde la mpunga liitwalo Mwasanga, na katikati ya bonde ulipita mto Lugusa. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na mimi mwenyewe jibu lake sina.

Mto Lugusa ulikuwa na tabia mbaya. Mvua ilinyesha mlimani, mbali, na watu wa bondeni walikuwa juani wanapalilia mpunga bila habari. Kisha maji yalishuka kwa mkupuo, ya kahawia, yamebeba magogo. Watu wengi walikufa kivukoni, miaka mingi, mpaka ofisi ya maji ya bonde ilipofunga vipimo mtoni na kuweka kompyuta mbili za kuvisoma, moja kituo cha mlimani na nyingine ofisini. Maji yakipanda kule juu, kompyuta ya ofisini ilituma ujumbe kwenye simu ya mshika bendera aliyekaa kivukoni. Mshika bendera alipandisha bendera nyekundu, na watu hawakuvuka. Ikawa hivyo miaka kumi na miwili. Katika miaka hiyo yote Lugusa haukuua mtu.

Programu ya kazi hiyo iliandikwa na Mzee Gwakisa, fundi wa vipimo vya maji, kabla hajastaafu. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Tausi. Kompyuta haielewi Tausi mpaka iwe na mkalimani wake ndani, na mstari wa kwanza wa kila programu humwita mkalimani huyo kwa jina. Gwakisa aliandika: tausi. Jina tupu, bila namba.

Lakini wakalimani walikuwa wawili. Kulikuwa na wa Tausi ya pili, na baadaye akaja wa Tausi ya tatu. Yule wa tatu hakuelewa maandishi ya pili. Akipewa, anakataa kwenye mstari wa mwanzo na programu inakufa papo hapo. Sasa, ukiita "tausi" bila namba, nani ataitika? Hilo liliamuliwa na mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayowaka kwanza na kuhudumia nyingine zote. Mifumo hiyo hufungashwa na watengenezaji tofauti, na kila mtengenezaji ana uamuzi wake. Kwa huyu anaitika wa pili, kwa yule anaitika wa tatu, na kwa mwingine haitiki mtu. Yule anayeitika jina tupu ndiye wanayemwita chaguo-msingi.

Shikeni hapo tu. Mengine yote ni watu.

Mwaka ule ilikuja amri kutoka makao makuu kwamba mfumo endeshi wa kompyuta ya ofisini umezeeka, wezi wa mitandao wanaingia, ubadilishwe. Kazi ilimwangukia Tusajigwe, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi, mama wa watoto wawili, mtu asiyependa kubahatisha. Alibadilisha mfumo. Mfumo mpya ulikuwa wa mtengenezaji mwingine, na kwake jina tupu liliitikiwa na mkalimani wa tatu. Tusajigwe alijaribu programu ya Gwakisa, ikafa. Akamweka na mkalimani wa pili humo ndani, kisha akaiagiza mashine: ukisikia "tausi", aitike wa pili. Akajaribu tena, programu ikaenda. Akakaa nayo siku tatu akiitazama kabla hajaridhika. Halafu akabandika karatasi juu ya meza: chaguo-msingi kisiguswe bila kuniambia.

Miezi minne ikapita salama.

Jumapili ya mwezi wa tano, mama yake Tusajigwe akafariki. Tusajigwe akaenda kwao kuzika, safari ya siku nzima.

Ofisini akabaki Ambilikile peke yake, mtabiri wa mvua, kijana aliyehamia miezi minane nyuma na aliyechora ramani za mvua bora kuliko zote zilizowahi kutoka ofisi ile. Jumanne asubuhi alipokea taarifa za anga ambazo hazikumpendeza. Alitaka kuzichorea ramani. Lakini ramani ilihitaji Tausi ya tatu. Alimwita mkalimani wa tatu kwa namba yake, ramani ikaanza, ikafika katikati ikakwama, kwa sababu programu ndogo za ndani zilizokuja na mfumo nazo ziliita jina tupu zikimtaka wa tatu, na aliyeitika alikuwa wa pili. Alijaribu mara tano. Mara zote tano ilikwama palepale.

Alisoma ile karatasi juu ya meza. Akampigia Tusajigwe simu. Tusajigwe alikuwa amekaa chini pamoja na wafiwa, waliokwenda kuzika wamerudi muda si mrefu. Ambilikile alimpa pole, akamweleza shida yake kwa kifupi, akaomba ruhusa.

"Badilisha," Tusajigwe alimwambia. "Ila ukimaliza tu, rudisha. Usiondoke hapo mezani hujarudisha."

Ilikuwa saa nane mchana. Ambilikile akabadilisha. Ramani ikachorwa mpaka mwisho, na alipoiona akasimama. Mlima wote ulikuwa mwekundu. Mvua ya siku mbili, kubwa kuliko aliyopata kuichora. Simu ya ofisi ya wilaya haikupokelewa. Basi akachapa ramani, akaitia kwenye bahasha, akapanda pikipiki kwenda wilayani mwenyewe, kilomita tisini za vumbi, ili watu waonywe. Aliondoka mezani hajarudisha.

Wilayani aliambiwa mkuu yuko ziarani, atarejea Ijumaa. Bahasha iwekwe mezani kwake. Ambilikile alibisha, akaonyesha ramani, akaomba aonane na mtu yeyote mwenye uwezo wa kutangaza. Akaambiwa asubiri. Akasubiri Jumatano yote, kwenye benchi, na Alhamisi asubuhi alikuwa bado amekaa kwenye benchi lile.

Na kompyuta ofisini? Kila robo saa iliiamsha programu ya Gwakisa. Programu iliita "tausi". Akaitika wa tatu. Programu ikafa. Kila robo saa iliamka, kila robo saa ikafa, na kila ilipokufa iliandika mstari mmoja wa malalamiko kwenye jalada la ndani ambalo hakuwapo mtu wa kulisoma. Kituo cha mlimani kilituma vipimo, maji yanapanda, maji yanapanda, na huku chini hapakuwa na wa kupokea. Simu ya kivukoni ilikaa kimya. Tangu siku ya kwanza kimya kilimaanisha salama. Mpangilio ulikuwa huo.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Kivukoni alikaa Sekela, mshika bendera, mwanamke wa makamo ambaye alizaliwa hatua mia mbili kutoka pale. Saa mbili na nusu aliutazama mlima akauona mweusi. Akayatazama maji. Yalikuwa ya magotini kama kawaida, lakini majani makavu yaliyoelea yalikuwa mengi, na hakuyapenda. Akatazama simu, mtandao umejaa, ujumbe hakuna. Akapiga ofisini. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Sekela alikuwa na sababu ya kutopandisha bendera kwa macho yake tu. Miaka miwili nyuma aliwahi kufanya hivyo. Aliuona mlima mweusi, akapandisha bendera, soko zima likakaa ng'ambo kutwa, nyanya zikaoza, na mto haukupanda hata kidole. Akaandikiwa barua ya onyo: mshika bendera hapandishi bendera bila ujumbe, na akirudia atafukuzwa. Barua hiyo aliisaini.

Saa tatu wakafika Tumpe na binti yake Bupe, msichana wa miaka kumi na tisa, wamejitwika mabeseni ya mchele. Nyuma yao alikuja kinyozi wa sokoni na sanduku lake. Tumpe alimfahamu Sekela tangu utotoni. Alimkuta ameshika bendera mkononi, imekunjwa.

"Vipi, dada, tupite?" akamuuliza.

Sekela akatazama simu tena. "Simu haijasema kitu, Mama Bupe," akajibu.

Wakapita. Walikuwa katikati maji yalipofika. Sekela alisema baadaye kwamba alisikia kwanza mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, akapandisha bendera, akapiga kelele, na wote watatu wakageuka kumtazama yeye badala ya kukimbia. Kinyozi alionekana siku ileile. Bupe alionekana siku ya pili, kwenye mashamba ya chini. Tumpe alionekana siku ya tano, na mumewe Lusubilo alimtambua kwa kitenge.

Ikaundwa kamati. Kamati ilikaa siku mbili, ikanywa chai ya ofisi, ikaandika ukurasa mmoja na nusu. Ikasema kulikuwa na hitilafu ya kitaalamu, na kwamba mshika bendera alikuwa eneo la tukio, aliona dalili, akazembea. Sekela akafukuzwa kazi. Gwakisa, Tusajigwe na Ambilikile hawakutajwa kwa majina.

Tusajigwe aliporudi msibani alifungua lile jalada la ndani. Akahesabu mistari ya malalamiko tangu Jumanne saa nane hadi Alhamisi saa tatu. Ilikuwa mia moja sabini na mbili. Akaituma makao makuu. Hawakumjibu. Siku iliyofuata aliletewa idhini ya kuongeza namba kwenye mstari wa kwanza wa programu, na kuiweka sawa ile kompyuta ya mlimani pia. Ni tarakimu moja. Kazi yote ilimchukua chini ya saa moja.

Lusubilo, mkulima wa mpunga, mtu mpole asiyemfukuza hata mbwa wake ila kwa maneno tu, aliusoma ukurasa ule mmoja na nusu. Hakuuelewa, akaomba asomewe. Aliposomewa akasema haya ni maneno ya kumaliza kikao. Akaanza kwenda kwa watu mmoja mmoja, kwa miguu, akiuliza. Ilimchukua mwezi mzima kuelewa mkalimani ni nini na jina tupu ni nini. Alipoelewa, akawaomba wote wanne waje nyumbani kwake siku ya kumaliza msiba.

Wakaja. Hakuna aliyekataa, hilo niwape. Akawakalisha mkekani, wageni wengine walipokwisha kuondoka, akazungumza.

"Sikuwaita niwadai kitu," alisema. "Nina chuki ndani yangu, na imenizidi. Siwezi kula, siwezi kushika jembe. Lakini nguvu ya kuchukia watu wanne sina, mimi si mtu wa hivyo. Mmoja naweza. Niambieni ni yupi, wengine watatu niwape mkono, waende nyumbani kwao."

Mzee Gwakisa akaanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alieleza kwamba alipoandika programu, kompyuta ya ofisini na ile ya mlimani zilitoka kwa watengenezaji wawili. Kwa mmoja mkalimani wa pili alikuwa na jina lenye namba, kwa mwingine jina lile halikujulikana kabisa. Jina tupu ndilo pekee lililoitikiwa kote kuwili. Angeweka namba, kituo cha mlimani kingekuwa bubu tangu siku ya kwanza. Akasema kwamba kwa miaka kumi na miwili jina lile liliokoa watu, na hakuna aliyekuja kumhesabia waliookoka.

"Nilifanya lililonipasa," akamaliza.

Lusubilo akasikiliza mpaka mwisho. "Na kimya, mzee wangu?" akauliza. "Nani aliamua kimya kiwe ndiyo salama? Programu yako ingetuma neno kila saa, kwamba ipo, ipo, ipo, Sekela angejua imekufa."

Gwakisa akasema walifikiria jambo hilo wakati ule, wakaona watu watachoshwa na ujumbe mwingi.

"Na Tumpe?" Lusubilo akauliza.

Akafuata Tusajigwe. Alisema alikuta mashine inayokufa akaifufua. Angeweza kuweka namba kwenye mstari ule, tarakimu moja tu, lakini nakala ya programu ilikuwa ileile kwa kompyuta zote mbili, na ile ya mlimani, ya mtengenezaji wa kale, haikulijua jina lenye namba. Kuponya moja kungeua nyingine. Aliomba idhini ya kuzirekebisha zote mbili pamoja, barua ikakaa makao makuu miezi minne. Kwa hiyo alifunga chaguo-msingi, akalijaribu, akabandika onyo.

"Nilifanya lililonipasa," akasema.

"Ulipopigiwa simu ulisema badilisha," Lusubilo akamwambia.

"Nilikuwa msibani, Baba Bupe. Mama yangu alikuwa hata saa moja ardhini hajamaliza."

"Najua. Nakupa pole, nami sikukupa pole wakati ule. Na Tumpe?"

Tusajigwe akafunika uso kwa khanga.

Akafuata Ambilikile. Huyu alizungumza haraka kuliko wote. Alisema aliomba ruhusa akapewa. Alisema bila kubadilisha kusingekuwa na ramani, na ramani ilikuwa kweli. Alikuwa mtu pekee katika bonde zima aliyejua siku mbili kabla kwamba maji yanakuja. Alikimbia kilomita tisini kwenda kusema. Alikaa kwenye benchi siku nzima na usiku akalala hapohapo. Kama yule aliyepokea bahasha angeifungua, pasingekuwa na mtu kivukoni Alhamisi ile.

"Nilifanya zaidi ya lililonipasa," akasema.

"Uliambiwa usiondoke mezani hujarudisha. Kurudisha kunachukua muda gani, mwanangu?"

Ambilikile akainamisha kichwa. "Kama kunywa maji," akasema. "Nilisahau. Niliwaza maji yanayokuja, nikasahau."

"Na Tumpe?"

Ambilikile akasema kwamba kila akilala anakumbuka benchi lile.

Mwisho akabaki Sekela. Huyu hakuanza kwa kusema kwamba alifanya lililompasa. Alisema barua ya onyo anayo bado, akaitoa, akaiweka mkekani mbele ya Lusubilo. Alisema hajui Tausi ya pili wala ya tatu, hajawahi kuingia ofisini zaidi ya mlangoni, na katika hao wanne yeye pekee ndiye aliyepoteza kazi. Alisema aliambiwa macho yake hayana thamani, aamini simu. Akaamini simu.

"Lakini uliyaona majani," Lusubilo akamwambia.

"Niliyaona."

"Na bendera ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi mwangu, Baba Bupe. Ningeinua mkono tu."

"Na Tumpe?"

"Aliniuliza mimi," Sekela akasema. "Hakumuuliza mwingine. Mimi ndiye nilimwambia simu haijasema kitu."

Lusubilo akawatazama mmoja baada ya mwingine, Gwakisa, Tusajigwe, Ambilikile, Sekela. Kila alipotaka kumchukia mmoja alimkuta na sababu, na kila alipotaka kumsamehe alikumbuka kitenge. Akasema hakujua kwamba mtu anaweza kuuawa na watu wanne ambao wote walikuwa wanajaribu kumlinda. Kisha akasimama akaingia ndani, akafunga mlango. Hakumpa mkono hata mmoja wao. Wakakaa mkekani mpaka jua lilipowafikia, wakaondoka kila mtu kwa njia yake.

Jembe lake liko ukutani mpaka leo, na shamba lake limeota magugu. Jirani wakimpelekea chakula anauliza nani kapika, kisha anakisukuma pembeni. Chuki ile bado anayo, na hajajua aiweke wapi.

Basi, ninyi mnaonisikiliza, mnaojua kompyuta na msiozijua: mmoja aliandika jina bila namba na kukiita kimya salama, mmoja alifunga fundo akaruhusu lifunguliwe, mmoja alilifungua akakimbia kwenda kuonya, mmoja aliona akautii waraka. Ile kamati msiihesabu, wala yule wa bahasha, maana Lusubilo hakuwaita. Katika hao wanne waliokaa mkekani, kama Lusubilo angeweza kumchukia mmoja tu ili arudi shambani, je, nani alistahili?